Mito ya bi harusi ilivyozuia oil chafu isifike bondeni, hapa Wawi

Wakuu, asalaam aleikum, na walio nje ya salamu hiyo habari za mchana.

Humu mie ni msomaji tu wa miaka. Leo naandika, na haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na shati langu la kazi lina ushahidi mpaka leo, limekataa sabuni zote.

Mimi ni mtunza stoo kwenye kiwanda kidogo cha mtu binafsi huku Wawi, nje kidogo ya Chake, kisiwani Pemba. Tunakamua mafuta ya majani ya mkarafuu kwa mvuke. Boila letu linatumia oil chafu, ile inayomwagwa magereji ikishatoka kwenye injini. Tunainunua, tunaiweka kwenye tangi nje, inawaka vizuri tu.

Bosi wangu ni Maalim Kombo. Alifundisha skuli kabla ya kuingia biashara, kwa hiyo kila kitu anakueleza kama una mtihani kesho.

Sasa siku moja Maalim karudi safari ya bara na magunia ya kitu cha rangi ya kijivu, laini kama sufi. Akatukusanya uwanjani.

"Hizi ni nyuzi za karatasi chakavu," akasema. "Magazeti na makatoni yamesagwa, yakatiwa dawa. Zinanyonya mafuta, maji zinayaacha. Oil ikimwagika, unazitupia. Tope la mafuta ukilichanganya nazo linakuwa gumu, unalizoa kwa koleo."

Wakuu, hakuna aliyeamini. Karatasi tunaijua. Karatasi ikiingia maji inakuwa uji. Fundi wetu wa boila, Juma, akaniuliza pembeni Maalim kala nini huko bara.

Magunia yakaingia stoo. Miezi ikapita, hakikumwagika hata kijiko. Ile kitu ikawa imejaa mpaka mie mwenyewe naingia stoo kwa ubavu.

Hapo akaja Bi Time, mke wa Maalim. Binti yao Raya alikuwa anaolewa, na Bi Time alikuwa kwenye kutengeneza chumba cha bi harusi. Kwa wasiojua, mama wa Kipemba akipamba chumba cha mwanawe, kaa mbali naye. Akatia mkono kwenye gunia, akaminya, akatabasamu.

Jioni yake Maalim akanipigia simu. "Hamad, mpe Bi Time hayo magunia. Yanajaza stoo tu."

Nikampa. Likabaki moja nililokuwa nalikalia wakati wa chai.

Bi Time akashona mito. Mito ya kulalia, mito ya kuegemea, na mmoja mrefu wa kuvuka kitanda kizima. Foronya zake zilidariziwa maua kwa mkono. Waliokwenda kuiona wakasema mito mizuri lakini ukiilalia inanong'ona. Bi Time akawajibu hiyo ni sufi ya kisasa.

Tuje kwenye siku yenyewe. Zilibaki siku chache harusi ifike.

Jirani wa kiwanda ni Mzee Mbarouk, anafuga ng'ombe wa mchezo, wale wanaochezwa uwanjani watu wakitazama. Dume lake kubwa, shingo nene, anamlisha vizuri kuliko anavyokula mwenyewe. Asubuhi ile dume likakata kamba, likaingia kiwandani polepole kama mkaguzi, likaliona tangi letu. Nadhani lilikuwa linawashwa bega. Likajikuna kwenye koki.

Koki ikatoka.

Mie nilikuwa stoo. Nilisikia kwanza harufu, kisha Juma akisema maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Nilipotoka, oil imeshatanda uwanja mzima, nyeusi, nzito, na dume limesimama katikati limechafuka mpaka tumboni, linatutazama kama sisi ndio tulioingia kwake.

Juma akaziba tundu kwa kijiti na matambara. Lakini iliyotoka ilishatoka, na ilikuwa inauelekea mtaro. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha, mtaro una maji yanakwenda. Na mtaro ule, wakuu, unateremka bondeni. Bonde zima ni mpunga wa akina mama wa mtaani, na chini yake kuna kisima ambacho watu wanateka.

Oil chafu ikiingia kwenye mpunga, hao akina mama utawatazama vipi usoni? Mama yangu mwenyewe ana jaruba lake la mpunga mle.

Tukamwaga mchanga. Mchanga ukazama, oil ikapita juu yake. Tukatupa makumbi ya nazi, yakaelea nayo yakaenda zake. Maalim akafika mbio, kofia mkononi.

"Hamad, leta yale magunia."

"Lipo moja, Maalim. Mengine yapo kwa Bi Time."

"Nani kampa?"

Akakumbuka mwenyewe, akageuka kutazama mtaro.

Nikalileta lile moja. Tukamimina penye mtaro. Wallahi, zile nyuzi zikaelea, zikaanza kugeuka nyeusi kuanzia chini, na maji yakawa yanapita chini yake meupe. Juma akainama kutazama kama mtu anayeona samaki. Aliyeshangaa kuliko wote ni Maalim, na ndiye aliyetufundisha.

Lakini gunia moja lilikuwa dogo kwa mzigo ule. Likashiba. Oil ikaanza kupita pembeni.

"Nenda nyumbani," Maalim akaniambia.

"Kwa nini usende wewe, Maalim? Mke wako."

"Mie nasimamia hapa."

Nikaenda. Nyumba si mbali, unapanda tu kilima. Nikakuta ukumbini wamejaa akina mama, wanaimba, wanakata vitunguu. Bi Time kaniona nilivyo, mweusi wa oil mpaka magotini.

"Usinikanyagie busati. Umekuja kula?"

"Nimetumwa, Bi Time. Maalim anaomba ile mito."

"Mito ipi?"

"Yote."

Nyimbo zikakatika. Kuna mama mmoja alikuwa na kisu cha vitunguu, akakishika vizuri zaidi.

"Kamwambie Maalim," Bi Time akasema taratibu, "akitaka mto, wake upo kitandani kwake. Hii ya mwanangu."

Nikamweleza. Dume, koki, mtaro, bonde. Nikamwambia kilichomo ndani ya mito yake ndicho kinachonyonya oil, nimekiona kwa macho yangu.

"Si yeye mwenyewe aliyeniambia haina kazi?"

"Imepata kazi leo."

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Raya. Alikuwa amewekwa ndani anasingwa, uso mzima umepakwa liwa, unaona macho tu.

"Mama, itoe," akasema. "Bondeni kuna mpunga wa watu hawa hawa waliokuja kunipikia. Mie naolewa na Salim, siolewi na mito."

Bi Time akamtazama mwanawe, akaitazama mito. Niliona macho yake yanalowa, nikatazama chini. Ile mito aliishona kwa mkono, yakhe, na miwani yake imepasuka kioo kimoja.

Kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Haya. Lakini foronya zinavuliwa kwanza. Atakayenitilia doa foronya moja, harusini asije."

Zivuliwe kiwandani, au pale pale nyumbani? Hakukuwa na muda wa mjadala. Akina mama wakabeba mito kichwani na foronya zake, wakashuka kilima mmoja nyuma ya mwengine, Bi Time mbele, mie nyuma na ule mrefu begani.

Sasa watu barabarani wanaona nini? Wanaona vyombo vya bi harusi vinapelekwa. Wakapiga vigelegele. Wengine wakajiunga nyuma wanaimba, kuna mmoja akatoka dukani kwake akaacha mteja. Nikajaribu kuwaeleza kuwa ni ajali, hakuna aliyenisikia. Tukaingia kiwandani na msafara mzima, na ngoma moja sijui ilitoka wapi.

Maalim alipomuona mkewe akajifanya anachunguza koki.

Nyimbo zikafa zenyewe walipoiona ile oil. Waliokuja kusherehekea wengi wao ndio wenye majaruba. Wakakunja nguo wakaingia kazini. Bi Time akasimama juu ya tofali, anavua foronya moja moja, anazikunja, anampa mama wa vitunguu azishike. Oil inatembea, yeye anakunja kwa pembe nne. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Ule mto mrefu ndio uliookoa. Tuliulaza kukata mtaro, tukaubana kwa mawe. Oil ikaja, ikagota, ikaanza kunyonywa. Maji yakapita chini. Mito midogo tukaipasua, nyuzi tukazimwaga uwanjani na kuzikoroga kwenye tope kwa majembe, likawa gumu kama ugali wa jana. Tukalizoa kwa koleo. Lile tope baadae tulilichoma ndani ya boila na likawaka vizuri.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, mie na Juma tuliteremka bondeni kutazama. Mpunga wa kwanza kabisa ulikuwa na utando mdogo wa rangi rangi pembeni, tukaukusanya kwa nyuzi zilizobaki. Kisima kilikuwa salama. Mama yangu alikuwa jarubani anang'oa magugu, akaniuliza kwa nini sijaoga.

Dume lilisuguliwa kwa hizo hizo nyuzi. Mzee Mbarouk alidai tumemharibia ng'ombe wake, Bi Time akamjibu maneno mawili, mzee akamfunga kamba ng'ombe wake akaondoka.

Harusi ilikuwepo. Wenye majaruba walileta sufi ya kweli, kila mmoja fungu lake, wakashona kwa zamu ukumbini. Foronya zikavishwa bila doa. Mito ikawa mingi kuliko mwanzo, mpaka Salim alipoingizwa chumbani aliuliza akae wapi, na Raya akamuonesha kiti.

Nilichojifunza mie: mtu akikuletea kitu usichokijua, kijaribu kabla ya kukicheka. Tungemwaga kikombe kimoja cha oil siku ile ile magunia yalipokuja, yasingetoka stoo. Na kama una tangi la mafuta, weka ukuta mdogo kulizunguka. Sisi tumejenga sasa, ng'ombe hapiti.

Maalim kaagiza nyuzi nyengine, na ufunguo wa stoo zilimo anao Bi Time. Nikitaka hata konzi moja, nijieleze.

Wenye viwanda, magereji na majenereta, nyie oil ikimwagika mnafanyaje? Andikeni hapo chini, tufundishane. Ila nawaomba adabu, maana Bi Time yupo hapa nyuma ya kiti changu na ananiuliza watu washasema nini.