Mashine Haina Wino Mweupe

Kwa zaidi ya mwaka mmoja baba yangu hakuwa amesoma hata neno moja, na neno la kwanza alilosoma tena lilikuwa kukojoa.

Siku hiyo alikuja kunigombeza. Nilikuwa nimemwachia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nyumbani bila pilipili, na kwa baba yangu hilo ni kosa la kumtoa mtu mlimani kwa miguu mpaka chini Ibanda, kwenye chumba changu cha kuchapisha karatasi. Sisi Bukavu vyumba hivyo tunaviita secrétariat public: meza moja, kompyuta moja, mashine moja ya kuchapisha, na foleni ya wanafunzi wanaotaka kazi zao jana. Alisimama mlangoni, akainua kidole kuanza maneno yake, halafu kidole kikabaki juu. Alikuwa anatazama skrini.

"Kukojoa hapa ni marufuku," akasoma. "We mutoto, nani alikuagiza mambo ya aibu sawa hii?"

Aliyeniagiza alikuwa katekista wa parokia yetu, kwa ajili ya ukuta wa nyuma ya kanisa. Lakini nilichosikia mimi ni kwamba amesoma. Moyo ulinipasuka pa!

"Papa, umesema nini?"

"Njo vile iliandikwa! Unazani miye niko kipofu?"

Ndiyo, nilizani. Sote tulizani. Baba alikuwa mwalimu huko Lwiro miaka mingi, na alipostaafu akawa msomaji wa matangazo ya misa ya asubuhi. Ukikua katika parokia yetu, sauti ya baba yangu ndiyo imekuambia siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, mkutano wa akina mama, na zaidi ya yote, ndoa. Kwetu wachumba husomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo kabla ya kufunga ndoa, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Baba amewasoma watu wengi kiasi kwamba akipita barabarani wake kwa waume humsalimia kama mshenga wao. Alinisoma hata mimi, na Jumapili ya tatu sauti ikamkwama, akasingizia kikohozi.

Kisha macho yakaanza kumgeuka. Hakusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliumbuliwa na wachumba wawili aliowachanganya: alimwozesha binti wa watu kwa kaka wa mchumba wake. Kanisa zima lilicheka isipokuwa familia tatu. Daktari wa macho alituambia kwamba katikati ya jicho pamechakaa, kwamba miwani haitaongeza kitu, na kwamba mwanga mkali ndio utakaomtesa zaidi. Padri akamwomba kwa upole apumzike. Katekista akachukua matangazo. Baba akaanza kukaa kiti cha nyuma kabisa na kukosoa kila kitu.

Na sasa binti yangu alikuwa anaolewa. Zilibaki wiki tatu kabla ya Jumapili yake ya kwanza ya kusomwa. Baba hakuwahi kuniomba lolote juu ya hilo, lakini nilimsikia mara mbili, akiwa peke yake, akilitamka jina la mjukuu wake kwa sauti ile ya kanisani.

Kwa hiyo nilimkalisha kwenye kiti changu nikamwandikia sentensi nyingine. Akaisoma. Nikaandika nyingine, naye akaisoma, tena kwa madaha, akirudia kama anafundisha darasa la pili. Nikatoa karatasi kwenye mashine, maneno yale yale, ukubwa ule ule. Akaiweka karibu na pua, akaisogeza mbali, akaigeuza.

"Hapa hakuna kitu," akasema. "Kuko mwangaza tu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya bila kujua. Macho yangu nayo yanauma ifikapo jioni, kwa hiyo skrini yangu nilishaigeuza: nyuma nyeusi, herufi nyeupe. Mashine yenyewe haijali ninavyopenda kuona. Inatoa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, kama kawaida, na weupe wa karatasi nzima ulikuwa unammwagikia baba machoni na kufunika herufi.

"Basi unitosheye ile ya ku écran," akasema, yaani nimtolee hiyo ya skrini kwenye karatasi, kana kwamba anaagiza chai. "Ile nyeupe ndani ya nyeusi. Nitasoma mutoto wangu."

Nilimwambia abebe kompyuta yangu mpaka altareni. Alinitazama kama nimetukana. "Nisimame mbele ya batu sawa mutu anaangalia filme? Na courant ikikatika?" Kuhusu umeme alisema kweli. Simu nayo alisema ni ndogo na haina heshima.

Ilinibidi nimweleze. Skrini ina taa nyuma, na mbele ya taa hiyo kuna vidirisha vidogo mno, vyekundu, vya kijani na vya buluu. Niliviona siku niliyopiga chafya nikinywa chai: ndani ya tone lililobaki juu ya kioo mlikuwa na vitone vya rangi tatu, vimepangwa kama shanga. Vikifunguka vyote, jicho linaona nyeupe. Vikifungwa vyote, nyeusi. Kwa hiyo nyeusi ya skrini haigharimu kitu, ni dirisha lililofungwa. Kwenye karatasi mambo yanageuka. Mashine yangu inafanya kazi kwa unga mweusi. Ndani mna silinda, na mwanga mwembamba unaandika juu yake. Pale mwanga ulipogusa ndipo unga unaponata. Karatasi inapita, inauchukua ule unga, kisha inapitishwa kwenye moto kama shati chini ya pasi, unga unayeyuka na kushika.

"Na nyeupe?" akauliza.

"Nyeupe haiko, papa. Mashine haina wino mweupe. Nyeupe ni karatasi yenyewe, pale tusipoigusa."

Akafikiri. Mwalimu ni mwalimu. "Donc unapaka yote nyeusi, unaachilia tu maandishi."

"Njo vile."

"Sasa unangojea nini?"

Nilikuwa naungojea unga, ambao ulikuwa karibu kwisha, maana ukurasa mmoja wa namna hiyo unakula unga wa kurasa nyingi za wanafunzi. Nilikuwa naingojea pia karatasi ikauke. Wakati wa mvua, unyevu wa ziwa unaingia hadi ndani ya bunda lililofungwa, na ukurasa mweusi ukichapwa kwenye karatasi yenye unyevu hujikunja kama jani la muhogo juani. Nilianika karatasi kando ya babula, lile jiko la makaa, lakini mbali na moto, nikijisemea kwamba nimekuwa mwehu. Baada ya kurasa nne zenye michirizi ya kijivu nilipata moja iliyotoka safi. Nyeusi tii, na herufi zimeachwa nyeupe, kubwa kama kucha. Baba aliisoma akiwa amesimama. Binti yangu, aliyekuja kunisaidia kufunga duka, alilia bila kujificha. Nami nililia, lakini mimi nilijificha.

Kisha nikafanya kosa, na ni kosa ambalo mtu wa Bukavu tu angeweza kulifanya. Sisi hapa kitu cha thamani tunakitia plastiki. Cheti cha kuzaliwa, plastiki. Diploma, plastiki. Picha ya marehemu, kadi ya ubatizo, hati ya kiwanja, vyote vinapita kwenye mashine yangu ya plastiki na kutoka vimeng'aa, visiogope mvua wala mende. Jumamosi usiku nilichukua ule ukurasa na kwa upendo wangu wote nikautia plastiki. Baba aliupapasa akasema sasa umekuwa kitu cha serikali.

Jumapili ya kwanza padri alimruhusu. Baba alipanda na koti lake la kuvaa harusini, akainua ule ukurasa. Kuna dirisha kubwa upande wa mashariki, na saa ile jua linaingia moja kwa moja. Akafungua mdomo. Akauinamisha ukurasa kulia, kisha kushoto. Nikaona doa la mwanga likicheza juu ya dari ya kanisa, nisielewe. Watu wakaanza kukohoa. Katekista alingoja, namhesabia hilo, alingoja kwa muda wa kutosha. Halafu akauchukua ule ukurasa mikononi mwa baba, taratibu, akasoma yeye.

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa na hasira na katekista, na jua, na baba kwa kutong'ang'ania karatasi. Mezani akasema tu, "Imekwisha. Macho imekufa kabisa." Binti yangu, anayemwita Koko kama wajukuu wa kwetu wanavyowaita babu zao, akamshika mkono. Mimi nilitoka nje na ule ukurasa, nikauinua kuutazama mwenyewe, nikakutana na uso wangu. Uso wangu, mti wa parachichi wa jirani, na mawingu. Macho yake hayakuwa yamekufa. Mimi ndiye niliyempa kioo na kumwambia asome.

Nilimweleza. Hakutaka kusikia. Nikamwomba msamaha, akanijibu kwamba hakuna kosa, na baba yangu akisema hakuna kosa ujue amekasirika kweli. Jumapili ya pili alirudi kiti cha nyuma, nami pembeni yake. Katekista akasoma ndoa. Alipofika kwa binti yangu akalikoroga jina la ukoo wetu, akatia mkazo pasipo na mkazo, akaruka silabi nzima. Baba akafyonza kwa sauti iliyofika altareni.

"Ulisikia vile alimusoma?" akaniambia kabla hatujatoka mlangoni. "Sawa anauzisha samaki! Nitosheye ile karatasi. Bila plastike yako."

Asante, papa katekista. Mungu akuzidishie kigugumizi.

Lakini unga wangu ulikuwa umekwisha, na fundi aliyezoea kunijazia unga alikuwa amekwenda Luberizi kwenye mavuno ya mpunga ya ndugu zake. Nilinunua unga wa chupa kwa mtu mwingine, aliyeniapia kwamba unafaa mashine zote. Unga unaofaa mashine zote ni kama dawa inayotibu magonjwa yote. Ukurasa ulitoka mzuri, mweusi kabisa, ila unga haukuyeyuka sawasawa. Kila aina ina moto wake, na moto wa mashine yangu haukuutosha. Ukiupitisha kidole, kidole kinakuwa cheusi. Nilitaka kutafuta unga mwingine. Baba hakuniachia. Alikuwa ameshaanza mazoezi, siku nzima ya Jumamosi, dirishani, akijua tayari kila neno limekaa wapi kwenye ukurasa.

"Papa, itakuchafua."

"Mwalimu ya chaki unamuogopesha na vumbi?"

Jumapili ya tatu alipanda tena. Hakusimama pale pa kawaida. Alisogea hatua tatu pembeni, akaligeuzia dirisha mgongo, ili mwanga utoke nyuma yake. Hilo hakuna aliyemfundisha. Akainua ukurasa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshika benchi kwa nguvu kiasi kwamba mama aliyekaa kando yangu alinipa rozari yake.

Akasoma. Alisoma mkutano wa akina mama na saa yake. Alisoma salongo. Alisoma kwamba kukojoa nyuma ya kanisa ni marufuku, kwa kuwa katekista aliomba liongezwe, na kanisa likacheka, naye akangoja watu wamalize kama zamani. Kisha akasoma ndoa. Jina la kijana, la baba yake na la mama yake. Jina la mjukuu wake, kila silabi mahali pake, mkazo mahali pake. Jina langu. Halafu akaongeza neno ambalo mimi sikuliandika: "Mujukuu yangu." Hakukohoa safari hii. Aliacha sauti itetemeke mbele ya watu wote, akaimaliza sentensi hadi mwisho, na kuuliza kama kuna mwenye kujua kizuizi. Hakuna aliyejikohoza.

Nje, baada ya misa, watu walimzunguka. Padri alimwuliza kama Jumapili ijayo angesoma tena, na baba akajibu kwamba ataangalia programu yake, mtu ambaye programu yake ni kunigombeza. Binti yangu akapenya kati ya watu, amevaa blauzi yake nyeupe, akapiga goti kidogo. Baba akamwekea mkono kichwani, akamchora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, kama tunavyowabariki watoto wetu. Alipoondoa kidole, msalaba ulibaki pale, mweusi, mnene, wa unga ule ule mbaya wa chupa.

Nikatoa kitambaa nikakiloweka kwa mate, nikamsogelea kumfuta. Mama wa bibi harusi hawezi kuacha mtoto azunguke mji na uso mchafu.

Akanishika mkono. "Acha, maman," akasema. "Ni Koko alinisoma."

Tukapanda mlima hivyo, yeye mbele na msalaba wake, tukisimama kwa kila aliyetaka kumsalimia.