Cherehani na Maswali ya Michanganyiko

Waliomzoea walimwita Cherehani, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kichwani mwa mtu anapomsuka. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, benchi la wanaosubiri, na feni iliyolalamika kuliko wateja.

Mwaka uliotangulia alijaribu mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Lugha alipita, sayansi alipita, lakini hesabu zikampiga chenga, hasa yale maswali ya kuchanganya: dawa ya nguvu hii na dawa ya nguvu ile, utapata ya nguvu gani. Mwingine angenyamaza. Yeye alitangaza saluni nzima kwamba mwaka huu anaingia, na anayetaka kumcheka aanze mapema, maana muda wenyewe mfupi.

Hamu ya uuguzi ilimwingia alipomhudumia mama mkwe wake, aliyelala kitandani muda mrefu hadi akasimama tena. Tangu hapo wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa hesabu wa sekondari, hakuwa na neno la kumkatalia. Wakaelewana kwamba kila Jumamosi wifi atakuja kusukwa, na huku anasukwa, afundishe.

Likawa darasa la ajabu. Mwalimu aliketi chini ya mikono ya mwanafunzi, kitabu magotini, shingo hawezi kuigeuza.

"Una mililita mia nne za dawa ya asilimia kumi," wifi akasoma. "Unaichanganya na mililita mia sita za asilimia thelathini. Utapata dawa ya asilimia ngapi?"

"Ishirini. Kumi na thelathini, katikati yake si ishirini? Hilo nalo swali?"

"Siyo ishirini."

Vidole vikakaza.

"Wifi, hicho ni kichwa changu. Swali liko huku kitabuni."

Cherehani akalegeza, akacheka kidogo, lakini moyoni ilimuuma. Kosa lile lile lilikuwa limemwangusha mwaka jana.

"Iliyo nyingi ni ipi?" wifi akauliza.

"Ya thelathini."

"Basi itavuta jibu upande wake. Na asilimia hazijumlishwi hivihivi, dada. Ni sawa na kujumlisha umri wangu na wako ili tupate wa mama. Ziweke kando. Tafuta dawa yenyewe iliyomo kwenye kila chupa, hiyo ndiyo ujumlishe."

Cherehani akasimama, kitana mkononi, akihesabu kwa midomo. Chupa ya kwanza, dawa arobaini. Ya pili, mia moja na themanini. Jumla mia mbili na ishirini, ndani ya mililita elfu moja.

"Ishirini na mbili," akasema taratibu.

"Mimi nilijua ishirini," akasema muuza viatu aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye benchi.

"Tulijua vibaya pamoja. Mimi nimeshatoka huko, baki mwenyewe."

Kuanzia siku hiyo alijifunga kibwebwe. Kila swali alilianza kwa kuuliza: dawa yenyewe kiasi gani, na imo ndani ya kiasi gani? Akimaliza, alilitazama jibu kwa jicho la kulishuku. Likiwa kubwa kuliko nguvu zote mbili, au dogo kuliko zote mbili, alilifuta bila huruma. Mumewe alizoea kumkuta jikoni akiiambia karatasi, "Wewe umenidanganya, rudi mwanzo."

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa vijana. Swali la michanganyiko lilikuja na sura ngeni: una mililita mia tatu za dawa ya asilimia ishirini, uongeze maji kiasi gani ili ibaki ya asilimia kumi na mbili? Roho ikampanda, kisha akaikalisha chini. Maji hayana dawa. Kwa hiyo dawa ni ile ile, sitini, haikuongezeka wala haikupungua. Sitini iwe asilimia kumi na mbili ya kitu gani? Ya mia tano.

Mia tano ilikuwepo kati ya majibu ya kuchagua, imekaa vizuri inamngoja. Kalamu ikaanza kushuka, akaizuia. Wameuliza maji ya kuongeza, hawakuuliza jumla. Akatoa mia tatu zilizokuwepo, akatia alama kwenye mia mbili, akageuza ukurasa.

Matokeo yalipobandikwa, wifi ndiye aliyetangulia kuyaona, akapiga simu. "Umeingia," akasema, "na hesabu ndiyo iliyokubeba." Cherehani alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Alishukuru, akafuta macho kwa kiwiko, akaendelea kusuka mpaka mwisho, maana mteja hana kosa.

Asubuhi ya kwanza chuoni aliingia darasani na begi lake jipya. Wasichana walio rika la binti yake wakainuka wote kwa heshima.

"Karibu, mwalimu," mmoja akasema.

"Ahsante, mwanangu, ila mimi ni mwenzenu," akajibu. "Sogea nipate pa kukaa."