Damu Iliyochelewa Kuganda

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka natahayari peke yangu. Nilikuwa daktari kijana hospitalini Kasulu, na nilikuwa na wivu. Daktari Rehema, mwenyeji wa Tanga, alihamishiwa kwetu, na haikupita miezi miwili wagonjwa wakawa wanapita mlangoni kwangu wakimuulizia yeye. Nilimeza machungu. Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe. Mimi hata kula naye sikutaka.

Akaletwa Nyamwiza, mkulima wa Busunzu, kule Kibondo. Mashavu yamemwiva wekundu, viungo vinamuuma, mguu mmoja umevimba. Nikashuku lupasi, maradhi ambamo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe. Mguu nikaujumlisha humo humo. Rehema akaketi kando yake, akamuuliza nisilouliza: mimba ngapi zimeharibika?

"Tatu, muganga," akajibu, macho chini.

Rehema akaniambia taratibu, "Naogopa damu yake inaganda mishipani. Tumwanzishie dawa ya kuizuia."

Majibu ya maabara yalikuwa mkononi mwangu: damu ile ilichelewa kuganda kwenye chupa. Nikacheka mbele ya wauguzi. "Damu haitaki kuganda, wewe wasema inaganda mno? Kwenu mlisoma kinyumenyume?" Mgonjwa alikuwa wangu; dawa nikaikataa.

Kesho yake Nyamwiza akabanwa kifua, akawa anahema kwa shida. Bonge la damu lilikuwa limetoka mguuni, likafika mapafuni.

Mzee Gwimo, mkuu wa maabara, akaniita. Alichanganya majimaji ya damu ya Nyamwiza na ya mtu mwenye afya, na bado kuganda kulichelewa.

"Ingekuwa imepungukiwa kitu cha kuigandisha, hii ya mwenye afya ingeijaliza," alisema. "Kuna kinga ndani yake iliyomgeukia mwenyewe. Chupani huichelewesha, mwilini huigandisha. Hata wewe ulifundishwa. Jana ulikuwa unamtazama mgonjwa, au unamtazama Rehema?"

Nikamwachia Rehema mgonjwa, na dawa ikaanza.

Nyamwiza aliponea mikononi mwa Rehema. Baada ya wiki kumi na mbili kipimo kilirudiwa, kikathibitisha kuwa kinga ile bado ipo. Baadaye akashika mimba nyingine, na siku alipojifungua salama, watu wakimshangilia Rehema, wivu uliniuma tena, sikufichi. Ila safari hiyo nilimfuata nikamwomba anifundishe.

Basi, mwanangu, ukimshuku mtu lupasi, muulize mimba zilizoharibika, mtazame miguu, wala chupa isikudanganye. Mwenzako akikuzidi, msikilize kwanza. Wivu utautafuna baadaye, mgonjwa akiwa salama. Mungu akujalie jicho la kuona, na moyo usiochomwa na sifa za mwenzio. Nenda na heri.