Helmeti ya Ruwi na Udi wa Mama

Binti yangu alipotuambia anataka kwenda kuteleza kwenye theluji, mama yangu aliweka chini kikombe chake cha kahawa na kuuliza swali moja tu: huko watu wanaanguka? Binti yangu, ambaye uongo haujui hata pale unapofaa, akajibu kwamba ndiyo, Bibi, kuanguka ni sehemu ya mchezo wenyewe. Nilimfinya, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tunakaa Khuwair ya Kusini, hapa Maskati. Binti alikuwa anasoma Ulaya na kaja nyumbani likizo ya baridi. Akirudi tu huko, wenzake wa chuo wanampeleka milimani. Mimi sikuona tatizo. Mama aliliona, na alikuwa na haki. Kaka yetu mkubwa, mtoto wake wa kwanza, alifariki miaka ya tisini kwa ajali ya gari njia ya Nizwa. Mwili mzima haukuwa na mchubuko. Kichwa tu. Tangu hapo mama anaogopea vichwa vya watu wote: mtoto akikimbia kwenye sakafu yenye maji atamkemea, mtu akipanda ngazi kubadilisha taa, yeye lazima aje aishike ngazi, na miguu yake ile mibovu.

Baada ya siku nzima ya kununa akatoa ruhusa kwa sharti. Aende, lakini kwa kofia ya kukinga kichwa, na kofia yenyewe aione kwa macho yake kabla ya safari. Binti akasema huko huko mlimani zinakodishwa. Lo! Mama akamtazama kama aliyeambiwa atakodishiwa mswaki. Mjukuu wake avae kitu kilichotoka kwenye vichwa vya watu asiowajua, hapana.

Haya, sasa katafute helmeti ya theluji Maskati, ambako watu wakiona mawingu wanapigiana simu. Tulizunguka mpaka nikamtukana binti yangu na milima yake. Mwisho tukaipata Ruwi, kwenye duka la vifaa vya michezo, imekaa baina ya mipira na magongo ya kriketi. Ilikuwa nyeusi, haina mvuto, bei yake ya chini mpaka nikaingiwa na shaka. Binti akaivaa juu ya ushungi wake mwembamba, akafunga ukanda, akatikisa kichwa mbele ya kioo. Haikucheza. Ndani ilikuwa na alama ya kupimwa kwa ajili ya theluji, akaisoma, akaridhika. Mimi nikaridhika na bei, nikalipa upesi kabla muuzaji hajajutia.

Nyumbani mama aliipindua mara moja tu. "Rahisi haikosi ila," akasema, akairudisha kwenye mfuko wake. Ndugu yangu mdogo, anayefanya kazi Dubai, alipopata habari akanipigia simu kunigombeza: kichwa cha mtoto ndicho nakifanyia ubahili? Nikamjibu kwamba kichwa hicho nimekizaa mimi. Lakini wallahi usiku ule nilijiuliza. Je, kama ni kweli? Kama ile bei ndiyo ila yenyewe, na mtoto wangu akaanguka nayo?

Ndugu yangu hakungoja majibu. Mwisho wa wiki akaja na helmeti ya Kitaliana, nyeupe inayong'aa, nyepesi, na matundu ya hewa yenye vifuniko vya kufungua na kufunga. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Ile ya Ruwi ikatupwa juu ya kabati, na mimi, nasema kweli, nikalala vizuri.

Sasa, kwetu nguo ya safari haivaliwi kavu kavu. Lazima ifukizwe. Mama ana kile kitundu chake cha vijiti vya mbao, chini anaweka chetezo na makaa, juu ya makaa kipande cha udi, na nguo anaitandaza juu inywe moshi. Kanzu za wanaume zote za nyumba ile zimepita hapo, na shela zetu, na nguo za maharusi. Siku moja kabla ya safari, wakati sisi tuko sokoni, mama aliitoa helmeti ya Kitaliana kwenye boksi lake, akaifunika juu ya kitundu, mdomo chini, akatia udi ule mzuri anaouweka kwa ajili ya Idi. Akaona moshi unapotea kwenye yale matundu ya hewa. Akayafunga. Akaongeza makaa, akakaa kando na tasbihi yake, anamwombea mjukuu wake.

Tuliporudi nyumba nzima inanukia. Binti akaichukua kofia, akambusu bibi yake mkono, akaivaa. Ikamzunguka kichwani. Akakaza ukanda, bado inazunguka. Nikamnyang'anya, nikavuta kile kitambaa cha ndani. Chini yake pana lile povu gumu jeupe, kama linalokuja kwenye boksi la televisheni. Lilikuwa limenywea upande mzima, limeng'aa kama kitu kilichopitiwa na pasi. Kwa nje haikuwa na alama hata moja. Kile kijitabu chake, ambacho hakuna aliyekifungua, kilieleza wazi isiwekwe karibu na moto.

Mimi hasira zangu ziko mlangoni siku zote. Nikasema mbele ya mama yangu kwamba hili povu ndilo linalopokea pigo badala ya kichwa, na sasa hakuna kitu hapa, ni bakuli linalonukia. Mtoto angeivaa hivi tungemzika. Neno lile la mwisho lilipotoka nikatamani kulirudisha.

Mama hakulia. Alikaa kitandani, mikono mapajani.

"Mimi nnataka kumkinga," akasema, "nikamchomea."

Binti akapiga magoti mbele yake, akamwambia hata yeye hakujua, na kheri limeonekana hapa nyumbani na si huko mlimani. Kisha akapanda kiti, akaiteremsha ile ya Ruwi. Akaziweka zote mbili mbele ya bibi yake, akamwonyesha alama za ndani. Zilikuwa sawasawa, herufi kwa herufi. Akamweleza kwamba zote mbili zimeangushwa na kugongwa kwa kipimo kimoja kabla ya kuuzwa. Ghali imeongezewa wepesi, hewa na urembo. Rahisi ambayo haina alama ni ya kuogopwa, lakini hii inayo, na inamkaa kichwani. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alipopewa aishike akakunja mikono.

"Siigusi," akasema. "Itoe hapa."

Asubuhi ya safari helmeti ya Ruwi ilikuwa juu ya sanduku, karibu na mlango. Mama alisimama mwisho wa ukumbi, akasoma dua zake zote, akaipulizia kutokea kule kule, mbali. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ningekuwa na uwezo ningemzuia mtoto asiende.

Alikwenda, na alianguka. Aliteleza kwenye barafu, kisogo kikagonga nguzo. Alitupigia mwenyewe simu, anaongea mbio mbio: daktari kamwangalia, hana kitu, helmeti imepasuka, jamani msiwe na wasiwasi. Mama akauliza kichwa, akajibiwa kichwa kizima. Alhamdulillahi, akasema, akaenda kutia udhu.

Kiangazi binti aliporudi aliileta ile helmeti, imefungwa ndani ya sweta. Mama akaisogelea, mikono kaiweka nyuma.

"Sasa nnaweza kuigusa?"

Binti akamwekea mapajani. Mama akapitisha kidole kwenye ule ufa wa nyuma, taratibu, toka juu mpaka chini.

"Mwanangu wa kwanza alitoka kwangu ananukia," akasema. "Kanzu yake nlimfukizia mwenyewe asubuhi ile. Sikuwa na kingine cha kumvisha."

Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Baadaye binti akamweleza kwamba helmeti ikishapokea pigo moja haivaliki tena, hutupwa. Nilitegemea ugomvi, maana mama yangu hatupi hata kopo. Badala yake akaagiza chetezo. Kwetu udi hupitishwa mgeni anapotaka kuondoka, na ukishapita hakuna tena kukaa.

"Haitadhurika?" akauliza.

"Haidhuru tena, Bibi."

Akaizungusha juu ya moshi, nje na ndani, bila haraka, akaupitisha moshi kwenye ufa. Alipomaliza akanipa mimi nikaipeleke kwenye pipa la mtaani. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Usiitupe," akasema. "Iweke. Hii imemrudisha mtoto."