Soksi za baba zilizokuwa zinakaukia chini ya godoro

Wakuu, heshima kwenu.

Hili limetokea ndani kwangu, sijasimuliwa na mtu. Mzee mwenyewe kanipa ruhusa nililete hapa, kasema nisimtaje jina tu.

Naishi ghorofani Mchafukoge, Dar, na familia, nauza vitenge Kariakoo. Nilimleta baba kutoka Masasi ili ahudhurie kliniki ya sukari. Miguu yake imekufa ganzi. Anaweza kutembea na kokoto ndani ya kiatu asijue.

Daktari akamwambia avae soksi safi, kavu, zisizobana, na akague nyayo kila siku. Nikamnunulia za pamba, nyeupe, ili hata tone la damu lionekane.

Tatizo likaja kwenye kufua. Mke wangu akiomba nguo chafu, mzee anatoa shati na suruali. Soksi hatoi ng'o!

Tukajua ni aibu tu ya mtu na mkwewe, tukamwacha. Mliokaa na wakwe nyumba moja mnanielewa.

Jumamosi moja mke wangu akatoa godoro la mzee alianike. Akaniita. Chini yake kuna soksi zimepangwa, mbichi, zinanuka uvundo. Zile nyeupe zina madoa ya kahawia kwenye vidole. Pembeni kuna pea ya sufu, ya kijivu, imesinyaa na kukakamaa mpaka unadhani ya mtoto.

Hiyo ya sufu naijua. Marehemu mama ndiye aliyeifuma, enzi zile baba analinda mashamba ya chai Njombe kwenye baridi.

Nikamfuata sebuleni.

"Baba, naomba nione miguu."

"Miguu yangu imefanya nini?"

"Naomba tu, baba."

Akavua soksi. Kidole kidogo kimechubuka, kinatoa maji.

"Niliona madoa," akasema, anaangalia dirishani. "Nikasema, Saidi mwanangu, yule ni mkwe wangu. Akishashika uchafu wangu, nitamtazamaje usoni?"

Wakuu, nikamuuliza alikuwa anazifulia wapi.

Kumbe alikuwa anajifungia bafuni alfajiri, anafua zote pamoja kwa maji yaliyochemka na sabuni ya unga, akiamini anaua vijidudu. Sufu na maji ya moto haviendani, ikasinyaa. Akaendelea kuivaa hivyo hivyo, inambana, na yeye hasikii. Za pamba nazo anazificha chini ya godoro, hazipati hewa, anazivaa zikiwa na unyevu.

Tukakimbilia hospitali. Nesi akasafisha kidonda, akasema tungechelewa kidogo ingekuwa habari nyingine.

Sasa, jirani yetu wa mlango wa pili ni Mama Nilesh, Mhindu, mjane. Mume wake aliugua sukari miaka mingi. Aliposikia akaja na beseni lake, akaketi mbele ya mzee, akasema bila kuzunguka.

"Kaka, mume wangu zake alikuwa anazificha nyuma ya friji."

Baba akacheka. Tangu aje Dar sikuwa nimemsikia anacheka vile.

Mama Nilesh akatuelekeza. Za pamba zigeuze ndani nje, maji vuguvugu, suuza mpaka sabuni iishe kabisa, anika juani. Za nailoni na zenye lastiki maji baridi, usizinyonge, anika kivulini, la sivyo lastiki inalegea au inakauka. Sufu maji baridi na shampuu kidogo, usisugue. Izungushie taulo, bonyeza maji yatoke, kisha ilaze, usiitundike.

Ile iliyosinyaa akailoweka kwenye kondishena ya nywele, akawa anaivuta taratibu. Ikarudi kiasi, siyo yote.

"Hii usivae tena," akamwambia. "Mguu kwanza."

Baba akaishika. "Sasa nitavaa nini cha marehemu mke wangu?"

"Mimi nina shati la mume wangu. Silivai. Lipo tu kabatini, nikitaka naliangalia."

Mzee akaikunja, akaiweka kwenye begi lake.

Kidonda kimefunga, namshukuru Mungu. Siku hizi tunafua wote wawili kibarazani, yeye anafua, mimi nasuuza. Jumapili iliyopita mke wangu alipita na kapu la nguo chafu, mzee akamsimamisha.

"Mwanangu, toa hizo soksi za watoto, niletee nifue."

Akampa. Akaingia ndani haraka, nikajua anaenda kulia.

Nilichojifunza: ukiwa na mzazi mwenye sukari, usiishie kumuuliza kama kameza dawa. Piga magoti uone nyayo, shika na soksi zake ujue kama zimekauka. Na akificha kitu, usianze kwa ukali. Huenda analinda heshima yake.

Mlio na wazee wanaoficha maumivu, mlianzia wapi kuongea nao? Na mwenye njia nyingine ya kuokoa sufu iliyosinyaa aiweke hapa, mzee nitamsomea.