Baba Anaonja Kwanza

Mama alikuwa kwetu Kalenga akimuuguza bibi, nami nilibaki Mbeya na baba, katika chumba kimoja karibu na kambi ya vibarua wa barabara. Nilikuwa na miaka saba hivi. Majirani waliongea Kisafwa na Kinyakyusa. Sisi tuliongea Kihehe, tena kidogo, maana baba hakuwa mtu wa maneno. Alipokuwa kazini nilisikia watoto wakicheza nje na sikuelewa wanachochekea.

Baridi ya mwezi wa saba ikaniingia kifuani. Nikawaka homa, kila pumzi ikanichoma ubavuni. Baba alinibeba mgongoni kwa khanga ya mama mpaka zahanati. Dresa, mhudumu aliyegawa dawa, akampa vidonge vikubwa vyeupe vya salfa: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, na maji mengi.

Kwetu humpi mtu kinywaji bila kukionja mbele yake. Mwenye ulanzi, pombe ya mianzi, hunywa kwanza, ndipo mgeni apokee. Baba aliifikisha desturi hiyo kwenye dawa. Alikiuma kidonge katikati, akatafuna nusu bila kukunja uso, akangoja, kisha akanipa nusu iliyobaki.

"Si kitu kibaya. Meza."

Mchana aliomba ruhusa kwa nyapara, akaja mbio, akauma, akanipa, akarudi kazini.

Homa haikushuka. Nilimwita mama mpaka sauti ikakauka. "Mama yako yuko mbali," baba alisema. "Niko mimi." Akanibeba tena mpaka zahanati.

"Dawa unampa?" dresa aliuliza.

"Nampa. Mimi naonja, yeye anamaliza."

"Unaonja kiasi gani?"

Baba akaonyesha kwa kucha, katikati ya kidonge. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko.

"Sasa bwana," dresa akasema, "kifua chako kimepona. Cha mtoto je?"

Baba hakucheka. "Nimpe kitu nisichokijua? Akinifia hapa, mama yake nitamwambia nini?"

Dresa akaacha utani. Alimpa vidonge vingine, akasema taratibu, "Onja maji, mzee. Kidonge chote ni chake. Na homa ikishuka usiache, mpaka viishe."

Jioni ile baba alikunywa maji, akaninyooshea kikombe na kidonge kizima. Vidole vyake havikukiachia kidonge. Nilikitoa mwenyewe, nikakimeza kwa shida. Akanitazama mdomoni mpaka nilipoufungua aone hakuna kitu.

Pumzi yangu ilirudi polepole. Homa iliposhuka aliendelea kunipa kama alivyoambiwa, na kila baada ya kidonge aliketi upande wa pili wa chumba akinitazama, mikono magotini. Hatukuwa na mtu mwingine wa kumwuliza kama mambo yanakwenda sawa.