Honi Niliyoiandika Nzima

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa balbu. Balbu ndogo ya kiashiria, imefungwa nyaya mbili, ncha zimechongwa kama misumari. Fundi Mkuu wa karakana yetu pale mjini Dodoma, Mzee Chilewa, aliniwekea kiganjani akasema, "Haya ndiyo macho yako. Umeme hauonekani, lakini hapa utajionyesha." Nilikuwa nimeishia darasa la nne. Kusoma nilisoma kwa kufuatisha kidole, na mwandiko wangu ulikuwa wa kuchekesha watu. Umeme wa magari ulinifaa kwa sababu haukudai kalamu.

Kazi ya kwanza ilikuwa honi ya lori kuukuu. Honi ya gari la zamani ikinyamaza, hukimbilii usukani kama mafundi wa siku hizi. Unaanza na fyuzi, ule uzi mwembamba unaoungua ili nyaya nyingine zipone. Kisha unaipa honi umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikilia, yenyewe haina kosa. Unasikiliza rilei, kisanduku kinachopokea amri ndogo ya kidole na kuachia umeme mkubwa; kikigonga "ta", amri imefika. Unakwangua kutu pale waya wa athi unapofungwa kwenye bodi, maana umeme usio na njia ya kurudi hauendi popote. Mwisho kabisa ndipo unafungua usukani. Humo mna pete ya shaba na ulimi mdogo unaosugua juu yake, ili usukani uzunguke bila kukata waya. Ulimi ukilika, utabonyeza usukani mpaka kesho.

"Unajua honi inamlilia nani?" Mzee Chilewa aliniuliza siku hiyo.

"Dereva, mzee."

"Bure kabisa wewe. Dereva anaona. Inamlilia asiyeona."

Nilikaa naye miaka minane, nikahamishiwa Manyoni. Huko Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mkali lakini wa haki. Gari halikutoka getini mpaka aibonyeze honi yeye mwenyewe, katikati ya usukani, mara tatu. Tulimcheka. Leo simcheki.

Mwisho nikaangukia Mkonze, kwenye yadi ya mkandarasi wa barabara. Hapo ndipo palipo na majina ninayotaka kuyataja, na nitayataja. Meneja wa Mitambo alikuwa Bwana Ndahani. Mtunza stoo alikuwa Msofe. Na rafiki yangu alikuwa Hamisi, fundi bodi, mtoto wa mjini, mtani wangu wa kila siku.

Palikuwa na pikapu nyeupe ya kubebea mchanga, ya zamani kuliko baadhi ya madereva wake. Honi ikanyamaza. Nilifuata hatua zote, nikafika kwenye usukani: ulimi umekwisha kabisa. Nikaenda stoo. Msofe alikuwa na ulimi mwingine ndani ya boksi, niliuona kwa macho yangu. Akasema, "Fomu haina saini ya meneja." Nikaenda kwa meneja.

"Gari linahitajika sasa hivi," Bwana Ndahani alisema. "Weka kitufe."

"Kitufe gani, bosi?"

"Wewe fundi gani? Kitufe cha kengele ya mlango! Si kinatoa athi? Si kinaamsha rilei? Honi italia."

Na kweli ililia. Nilikifunga kwa skrubu mbili chini ya dashibodi, karibu na goti la kulia la dereva. Dereva wake, Mzee Kamwela, nilimwonyesha, akakizoea siku hiyo hiyo. Nilifikiria kubandika karatasi kwenye usukani: honi iko chini. Nikauona mwandiko wangu umebandikwa pale, madereva wamejipanga wakiusoma na kucheka. Nikaacha. Lakini kadi ya kazi ilikuwa lazima ijazwe. Bwana Ndahani akanisomea herufi moja moja, nami nikaandika: HONI NZIMA. Nikatia saini.

Wiki ya pili Mzee Kamwela alikwenda msibani Bahi. Bwana Ndahani akachukua ufunguo akampa Elia, dereva aliyekuja juzi kutoka Kongwa. Hakumwambia kitu. Mimi sikuwepo, mimi na Hamisi tulikuwa tumekwenda kuchukua boneti kwa fundi wa rangi. Tulirudi kwa miguu kwenye ule mteremko wa changarawe, tumejitwika boneti vichwani, Hamisi nyuma, mimi mbele. Upepo ulikuwa ule wetu wa kiangazi, unaokujaza vumbi masikioni.

"Mgogo, unabeba boneti kama ndama mgonjwa!"

"Wewe mtoto wa lami, ndama umemwona wapi? Kwenye supu?"

Akacheka. Nilihisi changarawe zinatetemeka chini ya nyayo, nikageuza shingo. Pikapu ilikuwa inashuka na shehena ya mchanga, magurudumu yameshikwa na breki na bado yanateleza. Nilimwona Elia. Kiganja chake kilikuwa kinapiga katikati ya usukani, kinapiga, kinapiga, mdomo wake umefunguka. Gari halikutoa sauti. Nilijua kwa nini. Katika dunia nzima, wakati ule, mimi peke yangu nilijua kwa nini.

Hamisi alifia hapo hapo. Mimi goti lilisagika.

Trafiki alikuja hospitali na kadi mkononi. Bwana Ndahani alisimama miguuni pa kitanda na mfuko wa machungwa. Asubuhi ile alikuwa ameshaniambia kwamba kampuni inamtibu mtumishi aliyefanya kazi yake vizuri, si aliyeharibu.

"Dereva anadai alipiga honi haikulia," trafiki alisema. "Lakini nimeibonyeza mwenyewe pale yadini, meneja kanionyesha kitufe, kasema madereva wote wanakijua, imelia vizuri. Huu mwandiko wako?"

"Wangu, afande."

"Honi ilikuwa nzima?"

Ilikuwa nzima kwa anayejua kitufe. Maneno hayo yalikuwa mepesi kuyasema.

"Nzima, afande."

Elia alifungwa. Bwana Ndahani akapanda cheo, akahamia ofisi yenye kiyoyozi. Msofe yuko bado stoo. Mimi nikastaafishwa kabla ya umri, goti halikunjiki. Sasa nakaa Ipagala, na vijana huniletea magari makuukuu. Wanafunzi wa chuo kule Chimwaga wananunua vigari vya bei ya chini. Nachungulia chini ya dashibodi, nakuta kitufe cha kengele. Nawaambia kiondolewe. Wanasema, "Shikamoo mzee, lakini si inalia?"

Elia ametoka. Leseni hana, na nani atampa gari? Anasukuma mkokoteni wa maji. Kila asubuhi hupita mbele ya kibaraza changu akipaza sauti, "Pisha! Pisha njia!" na hakukuwa na siku aliyopita bila kusema, "Shikamoo, fundi." Nami niliitikia marahaba, kama mtu anayestahili.

Juzi nilimsimamisha. Nikamwambia yote: ulimi, kitufe, karatasi ambayo sikuibandika, kadi, swali la trafiki na jibu langu. Alinisikiliza huku ameshika mipini, mkokoteni usije ukarudi nyuma.

"Najua, fundi," alisema. "Afande alikibonyeza mbele yangu, nimefungwa pingu. Nikajua aliyekifunga ni wewe. Nikasema moyoni, fundi bado mgonjwa, akipata nafuu atasema."

"Elia..."

"Niligeuka kila mlango wa mahakama ulipofunguliwa."

Akainama akasukuma. Alipofika kwenye kona, nilimsikia akipaza sauti watu wapishe.

Jana alipita kama kawaida. Hakuniamkia.